Siti ya umeme inakwenda mbele tu: chomoa hiyo fyuzi ya 40 kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Ujiji, nina Toyota Soarer ya 1993, ile ya injini ya 1JZ. Aliyeniuzia alibadilisha siti za mbele akaweka za gari jingine, na umeme wake akautoa upya kwenye betri kwa waya wenye fyuzi ya ampea 20. Mwezi uliopita siti ya dereva iligoma kabisa. Fundi akaongeza waya mmoja chini ya siti. Ikaanza kwenda mbele, na mota ya mgongo wa siti nayo ikafufuka. Ila nikibonyeza kurudi nyuma, fyuzi inaungua. Juzi kaweka ya 40, sasa kuna harufu ya plastiki. Ninunue mota?

JIBU: Marahaba. Usinunue mota, ni nzima. Chomoa hiyo fyuzi ya 40 kabla hujaendelea kusoma.

Huo waya ulioongezwa umetoka kwenye waya mmojawapo wa mota ukafungwa kwenye bodi, yaani chuma cha gari, ambacho ndicho hasi. Sijaliona gari, lakini kwa dalili hizi sioni kitu kingine. Kuna mafundi wanaoichukulia mota ya siti kama balbu: waya huu wa moto (chanya), ule wa bodi, kazi imekwisha. Mota ya siti haina waya wa bodi. Nyaya zake mbili zote zinaishia kwenye swichi, na swichi ikiwa imetulia zote ziko hasi. Ukibonyeza mbele mmoja unapata moto. Ukibonyeza nyuma unapata ule mwingine. Ukishaufunga mmoja kwenye bodi, upande mmoja utakwenda vizuri tu, na upande wa pili swichi inamwaga moto wa betri kwenye bodi bila kupitia mota. Hiyo ni shoti, na fyuzi ya 20 ilikuwa inafanya kazi iliyowekewa.

Kufufuka kwa mgongo ndiko kulikonionyesha ugonjwa wenyewe. Waya wa bodi wa swichi umekatika au umeoza, ndiyo maana siti nzima iligoma. Fundi alipofunga ule waya wake, hasi ikapata njia ya panya: kutoka mgongoni, ndani ya swichi, hadi kwenye mota ya mbele-nyuma, kisha bodi. Akaona amepatia.

Toa waya huo. Chomoa swichi, tafuta waya wake wa bodi, na usiupime kwa mita peke yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 safi kabisa. Chukua balbu ya taa kubwa, ya wati 55, mguu mmoja kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye waya huo. Ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima na kosa liko kwenye soketi au ndani ya swichi. Ikififia au isipowaka, ufuate hadi kwenye bolti yake chini ya kapeti. Huku kwetu nikifunua kapeti nakuta bolti imekuwa ya kijani, na mara nyingi mwenye gari alishabeba samaki wa migebuka na barafu yake. Kwangua, kaza upya, paka grisi.

Kwa kuwa siti ni za gari jingine, angalia kama zina soketi ya njano. Hiyo ni ya eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Usiiguse kwa balbu wala mita. Ikibidi kuitoa siti, ondoa terminali ya hasi ya betri, usubiri angalau sekunde 90.

Sasa hiyo fyuzi. Kila wiki naambiwa, "Fundi, fyuzi inaungua, niwekee kubwa." Fyuzi hailindi mota, inalinda waya. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linaongezeka mara nne, na waya uliopimiwa ampea 20 hauwi mnene kwa sababu umebadilisha kipande cha plastiki. Harufu uliyoisikia ni ganda la waya likiiva chini ya kapeti, umelikalia. Upapase wote kwa mkono kutoka betri hadi siti. Palipokakamaa au pananata, kata utupe, uweke mpya, na fyuzi ya 20 ikae karibu na betri, isiwe mwisho wa waya.

Kwa siti siyo sana. Wenye miziki mikubwa na taa za ziada ndio wanaonitia hofu: waya mwembamba wa spika umepitishwa chini ya mlango, fyuzi imefungwa karatasi ya sigara. Juzi nimechomoa msumari kwenye kisanduku cha fyuzi cha daladala. Konda akaomba nimrudishie, eti wa akiba.