Parokia na Mkono wa Pampu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa sekondari alinisomea habari za kipindupindu cha London mwaka 1854, kwamba Daktari John Snow aliwaomba wakuu wa parokia waondoe mkono wa pampu ya Broad Street. Parokia ninayoijua mimi ni ya padri na waumini wake. Mambo ya maji na vyoo yaliihusuje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Parokia ya St James, Westminster, ilikuwa na kanisa lake, lakini pia ilikuwa serikali ya mtaa: ilitoza kodi, ilitunza barabara, na maskini wake walikuwa chini ya bodi ya walezi. Walezi hao ndio waliomsikiliza Snow, aliyeamini kwamba maji ya pampu hiyo ndiyo yaliyoeneza ugonjwa, jioni ya tarehe 7 Septemba, na kesho yake mkono wa pampu ukaondolewa. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wameukimbia mtaa, jambo ambalo wasimulizi wengi hulinyamazia.

Mimi huvutiwa zaidi na yaliyofuata. Baraza la parokia liliunda kamati ya uchunguzi, na ndani yake akawamo kasisi msaidizi Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubali hata kidogo kwamba maji ndiyo yaliyoua watu, lakini kwa kuwa aliwafahamu wakazi nyumba kwa nyumba, aliulizauliza mpaka akafika namba 40 Broad Street, ambako mtoto mchanga aliharisha kabla ya mlipuko na mama yake akawa anamwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa lilikutwa linavuja, nalo lilikuwa futi chache tu kutoka kisima cha pampu ile.

Sheria ya mwaka 1855 ndiyo iliyoyalazimu mabaraza ya parokia za London kuajiri mganga wa afya pamoja na wakaguzi, ambao sisi tungewaita mabwana afya. St James ilimchukua Edwin Lankester, aliyekuwa mjumbe wa kamati ileile. Mganga alihesabu vifo, akakagua nyumba zilizofurika watu, akaandika ripoti. Kumshtaki mwenye nyumba aliyekataa kusafisha choo kulihitaji idhini ya baraza, na barazani waliketi wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha, yaani watu walewale ambao mifuko yao ingeguswa. Mshahara wake nao waliupanga wao. Kwa maoni yangu kasoro hii ilichelewesha usafi wa mitaa kuliko ubishi wa madaktari juu ya chanzo cha ugonjwa, kwani mganga aliyesema sana alijua nani angemfukuza. Ilipofika mwaka 1891 ndipo sheria ikadai kibali cha serikali kuu kabla ya mganga kuachishwa kazi. Mabaraza yenyewe yalifutwa mwaka 1900, na kazi zao zikachukuliwa na manispaa mpya za London.