Maswali ya Wasomaji: Muziki Tulivu Kwenye Filamu

SWALI: Natunga muziki wa ambienti, yaani muziki tulivu wa kujenga mandhari, peke yangu, sina lebo (kampuni ya kurekodi). Nimewatumia wasimamizi wa muziki wa filamu, wale wanaochagua muziki wa kutumika, vipande 14, hakuna aliyejibu. Nakosea wapi?

JIBU: Kwanza, 14 ni vingi mno. Tuma 3 vinavyoendana na kazi anazozifanya mtu huyo, kwa kiungo kinachofunguka bila nywila na kisichoisha muda. Faili za kuambatanisha huishia kufutwa.

Halafu kuna suala la umiliki. Kila muziki una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Mwenye filamu anahitaji ruhusa ya zote mbili, na mara nyingi humlazimu kuzungumza na watu wawili au watatu tofauti. Wewe uliyetunga na kurekodi mwenyewe unazo zote, kwa hiyo saini yako moja inamtosha. Hiyo ndiyo karata yako kubwa; itaje kwenye mstari wa kwanza wa barua. Ila iwe kweli. Rafiki aliyekupigia selo dakika mbili tu anaweza kuwa na haki yake, hivyo andikianeni asilimia siku hiyohiyo ya kurekodi, jumla iwe 100. Lupu za kununua, yaani vipande vifupi vya sauti vinavyorudiwarudiwa, nazo zina masharti: leseni nyingi zinakataza kuiuza sauti hiyo ikiwa peke yake, na lupu moja iliyovutwa hadi dakika 6 inakaribia sana katazo hilo. Sikiliza pia rekodi zako za nje kwa spika za masikioni. Redio ya jirani inayosikika nyuma ya mvua inapiga muziki wa mtu mwingine.

Sasa ukataji, ambako ambienti huponzwa na uzuri wake. Kipande kinachochukua dakika nzima kuchanua kinampendeza aliyelala kitandani, lakini mhariri wa filamu husikiliza sekunde chache kisha anarukia katikati. Mtolee toleo linaloanza pale kilipokwisha kuchanua. Weka badiliko dogo kila baada ya sekunde 20 au 30 ili apate pa kukatia, na umalizie kwa noti inayozima yenyewe. Kufifisha kwa sekunde 40 hakumsaidii. Tengeneza na toleo lisilo na melodi, kwa sababu melodi iliyokaa kati ya hezi 1,000 na 4,000 hugombana na maneno ya waigizaji.

Faili ziwe WAV, biti 24, kilohezi 48, maana ndicho kiwango cha sauti ya video. Andaa stemu 4 hadi 6, yaani besi, pedi (sauti ndefu za kujaza nyuma), melodi, sauti za mazingira na kadhalika, kila kundi na faili lake. Zote zianzie sifuri na zilingane urefu, na mwangwi uachwe ufe wenyewe. Wengi hukwama hapa: wanatoa stemu huku kompresa na limita za masteringi, yaani vifaa vya kubana sauti katika hatua ya mwisho, zimewashwa. Kompresa hubana kulingana na kinachopita ndani yake, kwa hiyo besi ikiwa peke yake hubanwa tofauti na ilivyobanwa ndani ya miksi, na stemu zikiunganishwa hazirudishi kile alichokipenda mteja. Zima hivyo vifaa, zipange stemu zote kwenye mradi mtupu, kisha sikiliza.

SWALI: Maktaba ya muziki, yaani kampuni inayokodisha muziki kwa watengeneza filamu, inataka mkataba wa kipekee, nisikipeleke kipande kwingine. Nisaini?

JIBU: Inategemea kifungu cha kurudishiwa haki. Mkataba usio na ukomo, wala malipo ya awali, tungeuacha. Unaosema kipande kinarudi kwako kisipopata kazi ndani ya miaka 2 au 3 unazungumzika. Usio wa kipekee unaonekana salama zaidi, lakini kipande kilekile kikimfikia mteja kutoka maktaba mbili kwa bei mbili, huenda akaachana nacho kabisa. Na kabla ya kusaini popote, hakikisha msambazaji wako hajakiweka kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua muziki wenye hakimiliki ndani ya video. Vinginevyo mteja aliyekwisha kulipa atadaiwa hakimiliki kwenye video yake mwenyewe.

SWALI: Tamthilia imetumia kipande changu na ada nimelipwa. Kuna kingine cha kudai?

JIBU: Kipo. Ada ni ya ruhusa. Mirabaha ya kurushwa hewani hupitia chama cha watunzi ulichojisajili. Chama hutegemea karatasi ya mtayarishaji inayoorodhesha kila muziki uliotumika: jina lake, sekunde zake, mtunzi, mchapishaji na asilimia. Omba nakala, na ulinganishe herufi kwa herufi na usajili wako. Jina la kisanii likiwekwa mahali pa jina halisi, pesa zinaweza kukosa mwenyewe. Kwa kumbi za sinema za Marekani usisubiri kitu: tangu hukumu ya mahakama ya 1948, hazilipi mirabaha ya utunzi kwa muziki uliomo ndani ya filamu. Kazi ikiwa ya huko, fidia hilo kwa kudai ada kubwa zaidi.