Swali la lugha: Je, Mwanahamisi ni mtoto wa Hamisi?

Swali: Nimejaliwa mtoto wa kike na ninataka arithi jina la bibi yake, Mwanahamisi. Mashemeji zangu wananicheka. Wanasema jina limepitwa na wakati, tena watu watadhani baba yake ni Hamisi, ilhali mimi siitwi hivyo. Je, wana hoja? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hongera kwa mtoto. Mashemeji hawana hoja. Hamisi wa hapo si mtu bali ni siku, Alhamisi: msichana aliyezaliwa siku hiyo aliitwa Mwanahamisi. Wa Ijumaa akaitwa Mwanajuma, kwa mkato Mwajuma. Wa sikukuu, Mwanaidi.

Kinachowachanganya ni hiyo "mwana". Leo tukiisikia tunawaza mtoto tu, lakini Lamu, Pate na Mombasa ya kale ilikuwa pia neno la kumheshimu mwanamke, kama "Bibi" au "Bi". Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858, hakuwa mtoto wa mtu aitwaye Kupona. Na binti huyo naye ni Mwana Hashima. Tazama na upande wa wanaume: kwao heshima ni "Mwinyi", ndipo tukapata Mwinyijuma, au Mwinjuma. Sijasikia mtu akimuuliza Mwinjuma kama babake ni Juma! Basi Mwanaisha ni Bi Aisha, na Mwanahawa ni Bi Hawa. Jina la bibi yenu laweza kusomeka kwa njia zote mbili, Bi wa Alhamisi au mtoto wa Alhamisi, na kote kuwili baba Hamisi hayumo.

Na kama binti kazaliwa Jumatatu? Hakuna neno. Bibi ni somo yake, yaani wanashiriki jina moja, na jina la kurithi halifuati kalenda.

Kuhusu ukale, mimi ningefurahi yarudi mengi: Chausiku kwa aliyezaliwa usiku, Saumu kwa wa Ramadhani, Tunu, Subira. Tabu na Shida yapumzike tu, na Mtumwa pia. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina la ukubwani, nalo ndilo lililovuma kwenye santuri alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928.

La mwisho ni la tahajia. Kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa liandike neno moja, Mwanahamisi. Ukiliachanisha, karani atachukua "Mwana" kuwa jina la mtoto na "Hamisi" kuwa la baba, na hapo mashemeji watakuwa wamekushinda kwa maandishi ya serikali.