Nyasi za Mbarara na bili ya maji

Dada yangu wa Mbarara, Uganda, pole na bili hiyo ya maji. Umesema unamwagilia kila siku mchana, Juni hii ya kiangazi, na bado nyasi zinageuka kahawia. Shida ni ile saa ya mchana na ule udogo wa maji. Jua na upepo vinakunywa sehemu kubwa kabla udongo haujapata chake, na kinachobaki kinalowesha juu tu, basi mizizi nayo inabaki juu inakoungua.

Mwagilia alfajiri, mara mbili kwa wiki, maji yazame hasa. Mimi hupima kwa bisibisi ndefu: nusu saa baada ya kumwagilia naichoma ardhini. Ikiteleza hadi kwenye mpini, yametosha. Ikigota njiani, hayajafika. Kama maji yanaanza kutiririka kuelekea barabarani, funga bomba, subiri yanywewe, kisha endelea.

Usikate nyasi hadi chini, tafadhali. Paspalamu, aina ya nyasi za bustani, ikiachwa ndefu kidogo hujitilia kivuli. Maua na miti izungushie maganda ya kahawa, huko kwenu hayakosekani, lakini yasiguse shina.

Na mvua za Septemba zisikupite bure! Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 za mvua, hiyo ni karibu lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Weka gata na tangi sasa, mafundi hawajabanwa na kazi.

Nyasi zikikauka kidogo Julai, ziache. Paspalamu yenye mizizi mizuri huchipua tena mvua ikirudi. Maji uliyonayo wape miche ya miti kwanza.