Mnaoanza kufuatilia historia ya prototaipu za Kitaliano, yaani gari za mbio zilizotengenezwa chache chache, someni hapa kwanza

Juzi nimepewa ripoti ya historia ya gari, ya kijana wetu mmoja, niikague, mstari wa pili tu kaandika "Daytona 1967, Ferrari P4 tatu zikamaliza ya kwanza, ya pili na ya tatu". Nikafunga faili nikaenda kutafuta kahawa. Wadogo zangu, kwenye hizo mbio za saa 24 kule Marekani P4 zilikuwa mbili, chasi (namba ya fremu) 0846 ya madereva Bandini na Amon na 0856 ya Parkes na Scarfiotti. Ile ya tatu, ya NART, timu ya Ferrari ya Marekani, ni 412P, chasi 0844, na tofauti yao sio jina tu, P4 ina valvu 36 na injeksheni, 412P ni kabureta. Kila mtu anaitazama ile picha ya gari tatu nyekundu zinavuka mstari pamoja halafu anaandika anachojisikia.

Basi nawaandikia, maana kila mwaka anakuja mpya na anakosea pale pale alipokosea mwenzake.

1. Namba ya chasi sio gari. Wabongo hii mnaielewa bila kufundishwa, gari ikifa kadi yake haizikwi. Timu za mbio za enzi zile zilikuwa hivyo hivyo, kibao cha namba kinang'olewa huku kinapigiliwa kule ili gari ivuke mpaka kwa makaratasi yaliyopo. Mchukue huyo huyo 0846. Alizaliwa P3, gari iliyoitangulia P4, mwaka 1966, akageuzwa P4, akashinda Daytona, na Juni 1967 akashika moto kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, akiwa na Amon baada ya tairi kupata pancha. Ferrari wanasema ile chasi ilitupwa, hadithi imeisha. Sasa James Glickenhaus wa Marekani ana gari aliyoinunua ikijulikana kama nakala iliyotoka kwa David Piper, dereva wa mbio wa Uingereza, na yeye anashikilia kwamba kwenye mabomba ya fremu kuna vishikio vya injini vya P3 na vya P4 kwa pamoja, na gari iliyopita njia hiyo ni moja tu, 0846. Watu wamegombana kwa hili mpaka wengine hawasalimiani. Mimi sitawaambia mkae upande gani, ila angalieni jamaa alianzia wapi, alianza na mabomba, makaratasi yakafuata. Nyie mnaanza na makaratasi, mkikuta yanasoma vizuri hata kuinama chini ya gari hamuinami.

2. Usiniandikie "injini na chasi zinaoana". Hiyo ni lugha ya gari za barabarani. Huku injini inashushwa baada ya mbio, inapelekwa benchi, inafunguliwa, wiki inayofuata iko kwenye gari nyingine kabisa. Mkiniandikia hivyo tena narudisha ripoti bila kusoma iliyobaki, na nimesema.

3. Picha. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa na mteja mwenye Alfa Romeo Tipo 33/2, namba ya chasi siitaji, mwenyewe yupo. Alitaka nithibitishe kwamba gari yake ilikimbia Targa Florio, mbio za barabarani kule Sicily, mwishoni mwa miaka ya sitini ikiwa mikononi mwa Autodelta, timu ya mbio ya Alfa. Nikahangaika, nikaja kupata printi moja nzuri sana, gari imesimama pembeni ya barabara kule Sicily, fundi kaegemea mlango, na mbele kulia chini ya taa kuna kiraka cha faiba chenye kona iliyokatika. Nikakimbia mpaka gereji, nikapapasa pale pale, kiraka kipo! Kimepakwa rangi juu, lakini ukiangaza tochi kwa pembeni mstari unauona, na kona ile ile imekatika. Nilikaribia kulia. Na nyuma ya printi mtu kaandika kwa kalamu kwamba ni siku ya mbio, sasa unataka nini zaidi? Nikaandika ripoti ndefu ya kujidai, ina "pasipo shaka yoyote" kila ukurasa, mteja akamuonyesha mnunuzi, bei ikapanda, mimi nikaanza kutembea kifua mbele.

Baadaye, kwa kazi nyingine kabisa, nikaletewa skani za filamu za mpiga picha yule yule. Filamu nzima, fremu baada ya fremu. Napitia taratibu, naiona picha yangu, najichekea, nasogea fremu inayofuata. Fundi kanyanyuka. Pale alipokuwa ameweka kiwiko, pembeni ya namba ya mbio, kuna herufi T.

Mnajua maana yake. Muletto. Gari ya mazoezi, inavaa namba ile ile ya gari itakayokimbia na kuongezewa T, halafu siku ya mbio inabaki gereji. Nikarudi kwenye printi yangu ambayo nilishaikariri, nikaona kitu nilichokuwa nakiona siku zote, kule nyuma kwenye kona kuna Fiat 500 inakuja. Jamani. Targa ni barabara za watu, mzunguko mmoja kilomita 72 kupita milimani na vijijini, watu wanafanya mazoezi huku wananchi wanapita na shughuli zao, lakini siku ya mbio barabara inafungwa. Fiat 500 inatokea wapi katikati ya mbio? Mimi niliiona nikasema aah, inapendezesha picha.

Halafu hata kusema "basi gari yako ndiyo muletto" nikashindwa. Pua ya 33/2 ni faiba, inatoka, fundi akiamua asubuhi iko kwenye gari nyingine. Kiraka kilithibitisha pua. Nikampigia mteja, nikamweleza yote, akanyamaza muda, akaniuliza, "Yaani nimekulipa unithibitishie pua?" Sikuwa na jibu. Mnunuzi alijitoa na alikuwa na haki, na barua ya kuifuta ile ripoti niliiandika mwenyewe, sentensi fupi fupi, hakuna "pasipo shaka" hata moja.

Kwa hiyo mkinipa printi moja nitauliza filamu iko wapi, msininunie. Na kwenye 33/2 anzeni na fremu ya gari yenyewe, ile ya umbo la H, mabomba mapana ya aloi ambayo ndani ndiyo mafuta yanakaa, piga picha kila mshono na kila ulehemu wa zamani, huo hauhami asubuhi.

4. Haya ya haraka, sitaki maswali. Orodha ya walioandikishwa sio orodha ya waliokimbia. Moja ya Mtaliano ikiandikwa kwa mkono inafanana na saba yetu, tazama kama saba yake ina mkato katikati kabla hujasoma tarehe. Ferrari za mbio za enzi hizo namba ya chasi ni shufwa na za barabarani witiri, ukikuta witiri kwenye prototaipu shtuka. Bamba la "Prova MO" ni la majaribio, linahama gari hadi gari, usilifuatilie kama ndilo usajili. PRA, daftari la usajili wa magari la Italia, usiende na matumaini, prototaipu nyingi hazikuwahi kusajiliwa. Ukiandikia kumbukumbu za Alfa kule Arese uliza kitu kimoja kwa barua moja. Na atakayepiga msasa juu ya namba ya chasi ili "isomeke vizuri" atafute kazi nyingine, sitanii.

5. Wazee. Mafundi waliobaki ni wachache na wamechoka kuulizwa. Usimuulize "hii si ndiyo ile iliyokimbia Nürburgring?", atakujibu ndiyo kwa heshima tu, ana miaka zaidi ya themanini na anataka ufurahi. Weka picha mezani bila maneno, mwache aongee, andika alichosema na alichokataa kusema, na usimsahihishe tarehe mbele ya mke wake. Mmoja alinizungushia kidole kwenye boliti moja nusu saa nzima akilaani aliyeifunga, nikaona ananipotezea muda, kumbe boliti ile ilifungwa hivyo kwenye gari moja tu na yeye ndiye aliyekuja kuifungua. Na msipige simu saa nane mchana, wamelala, pigeni saa kumi na moja.