Jibu: Lupasi kwa wanafunzi wa uuguzi

Dada, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wanakariri vizuri kwamba kwenye ugonjwa wa lupasi (lupus) kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, halafu wodini wanampita mgonjwa bila kumtambua. Mimi naona tatizo ni picha. Vitabu vingi huonyesha upele mwekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mara nyingi huwa wa zambarau au kahawia iliyokolea, umetanda mashavuni na juu ya pua lakini umeiacha mikunjo ya kando ya pua. Anza na picha hizo, nadharia baadaye.

Kisha wape kisa: binti wa miaka 24, vidole vinakakamaa asubuhi, nywele zinanyonyoka, ametibiwa malaria mara tatu na homa haiishi. Angepimwa nini? Wengi watataja damu. Wabane mpaka waseme mkojo, maana figo zinaweza kuumia huku mgonjwa hasikii maumivu yoyote, na protini kwenye mkojo ndiyo inayomstua muuguzi. Hapo nakuomba usipapite haraka.

Wagonjwa takriban 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wa umri wa kuzaa, kwa hiyo kwenye kliniki ya wajawazito nako wanafunzi wawe macho. Na wajue kujibu kwamba haiambukizi. Ndugu wa mgonjwa watauliza hilo mapema sana.