Fataki Ziko Juu, Mtoto Yuko Chini

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala alinitumia ujumbe. Ana watoto watatu, mkubwa yuko darasa la nne, mdogo bado ananyonya, na baba yao kasafiri. Mwaka huu anataka usiku wa tarehe 31 awapeleke ufukweni wakaone fataki. "Dada, nipe mbinu," akaandika. Nilianza kumjibu kwa sauti. Nilipofika dakika ya saba nikafuta, nikaona heri niandike, maana najua hayuko peke yake. Desemba ikiingia Dar, kila mtoto mtaani ana mwenzake anayejitapa kwamba anapelekwa ufukwe wa Coco.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwa nini ananiuliza mimi. Wageni niwaambie: mimi ndiye niliyempoteza Abuu.

Ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, mwaka juzi. Baba yao alikuwa zamu ya usiku bandarini. Nasra ana miaka tisa, Abuu mitano. Nilikuwa nimewaahidi tangu mitihani, na ahadi kwa mtoto ni deni lenye riba, analidai asubuhi na jioni. Mama mkwe alinikataza. Alisema, "Mtoto mdogo halali nje kwa ajili ya moto." Nikajisemea huyu naye wa zamani. Jirani yangu akasema twende wote, yeye na wawili wake. Tukatoka Tabata saa kumi na moja jioni. Safari yenyewe siisimulii, foleni ya siku ile mnaijua.

Na nilijiona nimejipanga kweli. Nilimwandika Abuu namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Nikamwonyesha na mahali pa kukutana: "Ukituona hatupo, nenda kwenye ule mwavuli wa njano, usitoke hapo." Ulikuwa mwavuli wa muuza aiskrimu, mkubwa, unaonekana kutoka kule barabarani. Nikamgeukia jirani nikamwambia, unaona mambo hayo? Kwamba toroli la aiskrimu lina magurudumu, wala halikunijia akilini.

Saa sita kasorobo tulikuwa tumebanana. Maji nayo yalikuwa yanapanda, mchanga unazidi kuwa mwembamba, kila wimbi likija waliokuwa mbele wanarudi hatua mbili, na waliokuwa nyuma hawana pa kurudi. Watu wakaanza kuhesabu. Fataki ya kwanza ikapasuka upande wa hoteli, nami nikainua simu nirekodi.

Video ile bado ninayo. Ina sekunde arobaini na moja. Sekunde ya tisa kofia nyekundu ya Abuu inaonekana pembeni. Sekunde ya kumi na moja haipo. Mimi naendelea kurekodi. Sauti yangu inasikika vizuri kabisa, nimechangamka, nasema, "Oneni hiyo ya kijani! Oneni hiyo!" Namwambia nani, sijui, maana mtoto alishaondoka.

Niliposhusha simu nikakuta nimemshika Nasra peke yake.

Dakika zilizofuata sitaziandika zote. Nilimwachia jirani Nasra, nikaanza kupasua watu kwa viwiko. Nilipiga simu mara sijui ngapi, hazitoki. Umati wote ule ulikuwa unatumiana heri ya mwaka mpya, mtandao umegoma. Nilikuwa naita "Abuu!" na juu kunalia mabomu, sauti yangu mwenyewe siisikii. Nilikwenda pale kwenye mwavuli wa njano. Hapakuwa na mwavuli.

Nilimpata baada ya karibu nusu saa, kule karibu na barabara, amekaa juu ya kifuniko cha toroli la aiskrimu, koni mkononi. Yule kaka alikuwa amehama, maana maji yalimfuata na watu walikuwa wanamwegemea. Abuu alishtuka na mlipuko wa kwanza, akaniachia, akafanya kile nilichomfundisha. "Mama, mwavuli ulikuwa unatembea," akaniambia, "nikaufuata."

Muuza aiskrimu alimwuliza mama yake anaitwa nani. Akajibu, Mama Nasra. Jina lake lenyewe? Mama. Namba mkononi imeoga jasho la Desemba, zimebaki tarakimu tatu. Basi yule kaka, Mungu amzidishie, akasimama juu ya ndoo akawa anapaza sauti, "Mama Nasra! Mama Nasra!" Kabla yangu walikuwa wameshakuja akina Mama Nasra wawili.

Nacheka sasa. Usiku ule sikucheka, na Idi iliyofuata sikucheka pia, pale mama mkwe aliponitambulisha kwa wageni wake: "Huyu ndiye aliyempoteza mjukuu wangu akitazama moto." Aliyasema hayo akipakua pilau, kwa upole, kama mtu anayetaja kabila langu. Kuna majeraha yanayopona na kuna yanayopakuliwa kila sikukuu.

Sasa ushauri. Wa kwanza ni kwamba mtoto mdogo ajue jina lako. Jina lako la kwenye kitambulisho, lile la hospitali. Sisi akina mama wa Dar tumejificha nyuma ya majina ya watoto wetu mpaka watoto wenyewe hawatujui. Muulize mwanao leo, wakati wa chakula: mama anaitwa nani? Utashangaa. Mfundishe na namba ya simu kwa kuiimba, watoto wanashika wimbo kuliko tarakimu. Ukitaka kuandika, andika kwa maka peni kwenye kitambaa ushonee ndani ya nguo, sio kwenye ngozi. Na jina la mtoto usiliandike mgongoni kila mtu alisome. Mgeni akimwita kwa jina lake, ataenda.

Mahali pa kukutana pawe kitu kisicho na magurudumu. Nguzo ya umeme, ukuta, mti. Nadhani hili nimeshalieleza vya kutosha.

Kabla hamjatoka nyumbani mpige picha kila mtoto, mzima, kuanzia kichwani hadi viatu. Ukiulizwa kavaa nini, ukiwa umechanganyikiwa, hutakumbuka. Mimi nilimwambia askari kofia ya bluu. Ilikuwa nyekundu, na mimi ndiye niliyeinunua Kariakoo juzi yake.

Lakini ushauri wangu hasa ni huu, na mama wa Mbagala naomba usinichukie: usiende pale mbele. Fataki zinapasuka juu angani, mita mia na zaidi, kusudi zionekane mbali. Kuzisogelea kunakuongezea nini? Unapata moshi, mabaki yanayodondoka na kelele. Kwa karibu ule mlipuko unaweza kupita desibeli 120, kiwango ambacho sikio la mtoto halitakiwi kukizidi. Abuu mpaka leo bodaboda ikipiga ekzosi anaziba masikio.

Na umati. Mwezi Machi 2021 hapa hapa Dar, Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa kwenye msongamano siku ya kumuaga Rais Magufuli. Januari mosi 2013 kule Abidjan watu zaidi ya sitini walikufa wakitoka kutazama fataki za mwaka mpya, wengi wao watoto na vijana. Tunasema "wamekanyagwa", lakini wengi katika mambo haya hawafi kwa miguu ya watu, wanabanwa kifua mpaka pumzi inakosa pa kuingia. Sasa mfikirie mtoto wa miaka mitano, ambaye pua yake iko usawa wa mikanda ya watu. Ukiona unaguswa na watu pande zote, mbele, nyuma na ubavuni, umeshachelewa kidogo. Mbebe mtoto na uanze kutoka kwa mshazari kuelekea pembeni, taratibu, bila kushindana na watu. Usingoje fataki ziishe.

Kuhusu usafiri wa kurudi sina mengi. Bajaji niliyopanda usiku ule ilinitoza hela ambayo mume wangu hajaambiwa hadi leo. Wengine niliwaona wanapanda mshikaki, baba mbele, mama nyuma, watoto wawili katikati, hakuna helmeti hata moja, saa saba usiku, na nusu ya madereva wa mji wamekunywa. Tafadhali. Kama huna usafiri wa uhakika wa kurudi, hujapata safari, umepata nusu ya safari.

Mwaka jana tulifanya hivi. Dada yangu anaishi Makongo Juu, na kwao ukisimama uani unaona taa za mji zimetandazwa mpaka karibu na bahari. Mji wetu watu wanauona tambarare, wanasahau Makongo, Kimara, Goba, Pugu. Kila mtu ana shangazi kwenye kilima fulani. Tukafika mapema na pilau letu, watoto wakalazwa saa mbili, wakaamshwa saa sita kasoro dakika kumi. Mkeka uani. Choo kipo hatua tano. Wale waliobeba mtoto anayejipinda anataka choo katikati ya umati wanajua utajiri ninaouzungumzia.

Zilipoanza, hazikuwa sehemu moja. Masaki zinapasuka, Mikocheni zinapasuka, kule mbali Mbezi Beach nako, na nyingine sikujua za wapi. Shemeji akawafundisha watoto mchezo: mwanga unafika papo hapo, sauti inachelewa, sekunde tatu hivi kwa kila kilometa. Ukiona mwanga anza kuhesabu. Abuu akahesabu mpaka kumi na tano, ndipo "pu" ndogo ikafika, kama mtu amegonga mlango wa nyumba ya tatu. "Kilometa tano!" Nasra akapiga kelele. Wakahesabu kila moja, wakagombana, wakabishana kama ile nyekundu ni ya Masaki au ya kwa jirani. Shemeji akaongeza kwamba nyekundu hutoka kwenye madini yanayoitwa strontiamu na kijani kwenye bariamu, watoto wakalishika neno bariamu wakalala nalo. Abuu hakuziba masikio hata mara moja. Bibi wa upande wa shemeji, kila akisikia neno "fataki" anacheka peke yake, kwa sababu ya yale matangazo ya redio ya zamani kuhusu wababa watu wazima wanaonyemelea mabinti, waliopewa jina la Fataki. Ikabidi watoto wafundishwe kusema fashifashi, kama Wazanzibari.

Jirani wa dada alileta zile fimbo za kushika mkononi zinazomwaga cheche. Nilizikataa, nikaitwa mshamba. Jamani, ile cheche inapita nyuzi joto elfu moja, na magauni ya neti tunayowanunulia mabinti zetu sikukuu yanashika moto kama karatasi. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, kisha hospitali. Dawa ya meno iacheni bafuni. Na baruti za kupasua mtaani nazo nilizikataa. Polisi wanakataza kila mwaka na kila mwaka mtaani kwetu kuna mtoto anafungwa bandeji.

Nikiwa mkweli, sehemu iliyoniuma zaidi siyo umati. Ni ile video. Sikumpeleka Abuu aone fataki, nilimpeleka nionekane nimempeleka. Wazazi wenzangu, tujiulize hilo kabla ya kupanda daladala. Ukishakuwa na mtoto kwenye watu wengi, mikono yako miwili ni ya mtoto, na simu haina mkono. Mwaka jana sikurekodi chochote, na sina hata picha moja ya kuwaonyesha ya ule usiku mzuri kuliko yote.

Mama wa Mbagala, wewe una watatu na mikono miwili. Tafuta kilima, au ghorofa ya mtu unayemfahamu, na kama hakuna, paa la kanisa au msikiti wenu wakikuruhusu. Mdogo anayenyonya mwache alale, hatakumbuka.

Jana mama mkwe kapiga simu. Kasikia kwa Nasra habari za bariamu. Anauliza kama mwaka huu huko Makongo kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Nimemwambia ipo, aje na mkeka wake.